Picha ya moyo na mapafu: nani apigwe, na nani aisome?

Kila mashine mpya ya kupiga picha za ndani ya mwili inapofika katika hospitali ya kaunti hapa Pwani, sherehe yake twaijua. Hema, viti vya plastiki, kikundi cha kina mama, utepe mwekundu, kisha waheshimiwa wapigwe picha mbele ya mashine ya kupigia picha. Sina ubaya na sherehe. Nina swali ambalo sijalisikia kwenye hema hata moja: ni mgonjwa gani atakayelazwa kwenye mashine ile, siku ya ngapi ya ugonjwa wake, na ni nani atakayeitazama picha ikishatoka?

Nauliza sasa kwa sababu njia ya kulipia matibabu imebadilika. SHA ilianza Oktoba 2024 ikachukua nafasi ya NHIF, na wenye mshahara hukatwa asilimia 2.75. Pamoja nayo umekuja mpango mpya wa vifaa, ambao mwenye mashine halipwi kodi ya kila mwaka kama zamani, bali hulipwa kwa kila kipimo kinachofanywa. Ukisikia hivyo waona ni haki, mtu alipwe kwa kazi yake. Lakini mfanyabiashara anayelipwa kwa kila picha atapenda picha ziwe nyingi, na atapenda zaidi zile za bei kubwa. Asipopenda hivyo, basi si mfanyabiashara. Kwa hivyo ni juu yetu kujua ni picha gani yamfaa mgonjwa, na hili tuna mahali pa kujifunza: Korona.

Kabla ya 2020 hapakuwa na maradhi ya virusi ambayo madaktari waliyapiga picha kwa wingi namna ile, tena moyo na mapafu ya watu waliolazwa. Miaka hii yote matokeo yamekuwa yakichapishwa katika majarida ya kitabibu. Mimi si daktari, nina diploma ya uanahabari tu, lakini habari hii nimeifuata tangu Mji wa Kale ufungwe mwezi wa Mei 2020, sisi ndani na askari nje kwenye vizuizi. Ninalotaka kusema leo ni kwamba picha zile zimetufundisha mengi kuhusu ugonjwa, na zimetufundisha mengi zaidi kuhusu picha zenyewe.

Tuanze na mapafu. Januari 2020 madaktari wa Wuhan waliandika habari za wagonjwa wao 41 wa mwanzo waliolazwa. Wote walikuwa na nimonia, na skani ya CT ilionyesha hitilafu kwa kila mmoja. Kwa 40 kati yao hitilafu ilikuwa kwenye mapafu yote mawili. Pafu lenye afya kwenye skani huwa jeusi kwa sababu limejaa hewa. La mgonjwa wa Korona lilikuwa na mabaka meupe yenye ukungu, mfano wa kioo cha dirisha asubuhi ya kusi, yamejikusanya pembeni na chini. Ukungu ule ni vifuko vya hewa vilivyovimba na kuanza kujaa majimaji.

Zikaja habari za damu kuganda. Mwaka 2020 watafiti walichunguza mapafu ya watu 7 waliokufa kwa Korona na ya 7 waliokufa kwa mafua makali. Vibonge vidogo vya damu kwenye mishipa myembamba ya mapafu vilikuwa mara tisa zaidi kwa wale wa Korona. Ni watu wachache, naam, lakini jambo lenyewe lilithibitika wodini dunia nzima: kuna wagonjwa waliokuwa hawapati pumzi hata pale ukungu wa mapafu ulipokuwa si mwingi, kwa sababu njia ya damu ilikuwa imezibwa. Na hapa pana jambo ambalo mtu wa kawaida haambiwi. Skani ya CT ya kawaida haionyeshi mabonge hayo vizuri. Ili yaonekane ni lazima mgonjwa adungwe kwanza dawa inayong'arisha mishipa. Bila dawa hiyo waweza kuilipia picha ya maelfu ya shilingi, ukarudi nyumbani na bahasha, na lile lililokuwa likikuua lisiwemo.

Kwa moyo ndiko dunia ilikobabaika. Julai 2020 watafiti wa Frankfurt, Ujerumani, waliwapiga picha za MRI watu 100 waliopona Korona, theluthi moja wakiwa wale waliolazwa na waliosalia wakiwa wameuguzwa nyumbani. Wakaandika kwamba 78 walikuwa na hitilafu ya moyo na 60 walikuwa na dalili za msuli wa moyo kuvimba. Magazeti yakaruka nayo. Kwenye simu zetu ilifika kwa njia ya zile jumbe za "sambaza kwa watu kumi": kila aliyeugua Korona moyo wake umeharibika. Marekani, ligi kubwa ya michezo ya vyuo vikuu, Big Ten, iliahirisha msimu wa soka lao la Agosti, na hofu ya mioyo ilikuwa miongoni mwa sababu. Msimu ukaanza Oktoba.

Lililofuata halikupata vichwa vya habari. Mwezi mmoja baadaye watafiti wale wale wa Frankfurt walisahihisha baadhi ya hesabu zao, ingawa walishikilia hitimisho lao. Mwaka 2021 ligi ile ya Marekani ikatoa matokeo ya wanamichezo 1,597 waliougua kisha wakapigwa MRI ya moyo. Waliokutwa na uvimbe wa msuli wa moyo walikuwa 37, yaani asilimia 2.3, na kati ya hao ni 9 tu waliokuwa na dalili za moyo. London nako walichukua wafanyakazi wa afya 74 walioambukizwa Korona nyepesi na wengine 75 wasioambukizwa, wakawapiga picha za moyo baada ya miezi sita. Mioyo ya makundi mawili haikutofautiana.

Kutoka 78 kwa mia hadi 2.3 kwa mia, virusi vile vile. Je, kuna aliyedanganya? La. Walitazama watu tofauti, na kwa kipimo tofauti cha nini kiitwe hitilafu. Wanamichezo ni vijana wenye afya. Ukimpiga picha mtu mzima wa miaka hamsini na kitu, mwenye presha na sukari, utakuta jambo moyoni hata kama hakuwahi kuugua Korona maishani mwake. Nenda leo kwenye baraza lolote la kahawa, wachukue wazee kumi wenye kunywa chungu na kula kaimati, uwapige MRI. Wallahi hawatatoka wote salama. Sasa ukisema yale uliyoyaona yaliletwa na virusi, utakuwa umejuaje, na picha ya moyo wa mzee yule kabla ya kuugua hukuwa nayo?

Ndiyo maana utafiti ninaoupa uzito zaidi ni ule uliokuwa na watu wa kulinganisha nao. Septemba 2023 watafiti wakiongozwa na Oxford walitoa matokeo ya watu 259 waliolazwa kwa Korona katika hospitali za Uingereza, wakawalinganisha na 52 wasiougua. Picha za MRI zilipigwa kiasi cha miezi mitano baada ya kutoka hospitali, kuanzia ubongo hadi figo. Hitilafu za mapafu zilikuwa karibu mara 14 zaidi kwa waliolazwa. Za ubongo zilikuwa mara tatu, za figo mara mbili. Na moyo? Hapakuwa na tofauti ya maana kati ya makundi mawili. Ini vivyo hivyo.

Soma tena sentensi hiyo ya moyo. Miaka mitatu watu walikuwa na hofu ya moyo, kumbe kwa waliolazwa deni kubwa lilibaki kwenye mapafu. Wuhan nako waliwafuatilia wagonjwa 83 waliougua sana bila kuwekewa mashine ya kupumulia, na baada ya mwaka mzima bado asilimia 24 walikuwa na mabadiliko kwenye skani za mapafu.

Lakini tusikimbilie upande wa pili tukasema moyo haukuguswa. Hapo pia lazima uulize ni nani aliyepigwa picha. Katika hospitali sita za London walichukuliwa wagonjwa 148 waliougua vibaya, ambao vipimo vya damu vilionyesha troponini imepanda. Troponini ni protini inayovuja msuli wa moyo unapoumia. Baada ya kutoka hospitali walipigwa MRI, na asilimia 54 walikutwa na majeraha kwenye msuli. Hao walikuwa na dalili ya damu kabla ya kuwekwa kwenye mashine, na picha ikafuata dalili. Hata hivyo kwa asilimia 89 moyo ulikuwa ukisukuma damu sawasawa, na waandishi wenyewe walikiri kwamba baadhi ya makovu huenda yalikuwepo zamani.

Sasa tuje kwenye mashine ndogo, ambayo haina sherehe wala utepe. Eko, yaani ultrasaundi ya moyo. Ni ile ile teknolojia wanayotumia kina mama wajawazito kliniki, mawimbi ya sauti, haina mionzi, na nyingine siku hizi hutoshea mfukoni. Aprili 2020, janga likiwa limepamba moto, madaktari wa nchi 69 walikusanya eko za wagonjwa 1,216 waliokuwa na Korona au kushukiwa nayo. Zaidi ya nusu, asilimia 55, zilikuwa na hitilafu. Idadi hiyo nayo isikutishe, kwa sababu hawa ni watu ambao daktari alishakuwa na shaka nao hata akaomba eko. Takwimu ninayoipenda mimi ni nyingine: kwa theluthi moja ya wagonjwa, picha ile ilimfanya daktari abadilishe matibabu pale pale. Dawa ikabadilika, au mgonjwa akahamishiwa wodi nyingine. Kwangu mimi picha inayobadilisha kitu kitandani ndiyo yenye thamani, na haijalishi ilitoka kwenye mashine ya milioni ngapi.

Hili nimeliona nyumbani kwetu. Ami yangu, mzee wa Kuze, alilazwa mwaka 2021 kwa Korona, siku kumi na moja akiwa kwenye oksijeni. Akatoka, alhamdulillahi. Miezi miwili baadaye akawa hawezi kupanda ngazi za msikitini bila kusimama mara mbili. Katika hospitali moja ya umma akaambiwa aende kituo cha binafsi akapigwe CT. Familia ikafungua kundi la WhatsApp, michango ikaingia kwa M-Pesa, wa Dubai akatuma na wa Malindi akatuma. Picha ikapigwa, bila ile dawa ya kung'arisha mishipa. Akapewa kwenye CD. Alipoipeleka wodini, kompyuta haikuwa na mahali pa kutia CD. Ripoti ya maandishi ilikuja baada ya siku kumi na sita, nayo ikasema mapafu yana makovu machache na mgonjwa apimwe zaidi. Ami akaniambia, "Mwanangu, mimi nimewalipa ili waniambie nirudi?"

Aliyemsaidia alikuwa daktari mmoja kijana aliyemlaza ubavu akamfanyia eko kwa robo saa. Upande wa kulia wa moyo, ule unaosukuma damu kwenda mapafuni, ulikuwa umetanuka. Mtu mwenye historia ile, miguu imevimba, moyo umetanuka kulia: shaka ya mabonge ya damu mapafuni ikawa kubwa. CT ikarudiwa, safari hii kwa dawa, na mabonge yakaonekana. Akaanzishwa dawa ya kuzuia damu isigande. Ngazi za msikitini sasa azipanda, polepole. Lakini familia ililipia CT mbili, na ile ya kwanza haikuwa na kazi. Tena si kitu cha bure mwilini: CT moja ya kifua ina mionzi makumi ya mara ya eksirei moja.

Naisimulia kwa sababu kosa halikuwa la mashine. Mashine ilifanya kazi yake, ikatoa picha safi kabisa. Kilichokosekana ni mtu wa kuuliza mwanzo "tunatafuta nini?", na mtu wa kuisoma siku ile ile. Madaktari bingwa wa kusoma picha ni wachache nchini na wengi wako Nairobi. Hospitali nyingi za kaunti zina wataalamu wa eksirei, vijana hodari wa kupiga picha, lakini kazi ya kuandika ripoti si yao kisheria. Matokeo yake ni ile bahasha ya kaki ambayo kila familia ya Pwani yaijua, imewekwa juu ya kabati pamoja na cheti cha kuzaliwa, na hakuna aliyewahi kuifungua akaisoma.

Na hatuwezi kusema hatukuonywa. Mwaka 2015 serikali ya kitaifa ilianza mpango wa kukodi vifaa kwa hospitali 98, mbili kwa kila kaunti na nne za kitaifa, kwa mkataba uliotangazwa kuwa wa shilingi bilioni 38. Kaunti zikawa zinakatwa milioni 95 kwa mwaka, kisha milioni 200, kila kaunti kiasi kile kile iwe kubwa au ndogo. Kamati ya Seneti ilipochunguza, ripoti yake ya 2020 ilikuwa kali mno, kufikia kuuelezea mpango mzima kwa lugha ya jinai. Mambo yaliyojitokeza yalikuwa ya kusikitisha: mashine zimefika mahali ambapo hapana chumba cha kuziweka, umeme hautoshi, au hapana mtu aliyefunzwa kuziendesha. Nchi ilinunua picha ikasahau macho.

Mwezi wa Mei 2021 tuliona bei ya hilo. Utafiti uliofanywa katika hospitali 64 za nchi 10 za Afrika, Kenya ikiwemo, uliwafuatilia wagonjwa mahututi wa Korona 3,077. Karibu nusu yao, asilimia 48.2, walikufa ndani ya siku 30, ilhali wastani wa dunia ulikuwa asilimia 31.5. Watafiti walitaja uchache wa vifaa na kutotumika kwa vilivyopo. Hayo ya pili ndiyo yaliyoniuma. Kukosa ni mtihani wa Mungu, lakini kuwa nacho kisitumike hilo ni letu wenyewe.

Watu watasema, Korona imepita, mbona mwatusumbua nayo? Virusi havikupita hapa kwetu, vimebadilisha majina tu. Homa ya dengi ilitupiga Mombasa 2013, ikarudi 2017, ikarudi tena 2021 hadi Lamu. Chikungunya mwaka 2004 ilikadiriwa kuwapata watu watatu kati ya kila wanne wa mji wa Lamu, kisha ikaingia Mombasa mwisho wa 2017. Jina hilo ni la Kimakonde, la mtu aliyejikunja kwa maumivu, na waliougua hawahitaji kufafanuliwa. Dengi ikiwa kali hufanya mishipa ivujishe maji, maji yakajaa kifuani na tumboni. Kitu cha kwanza kuyaona maji hayo kitandani, mapema kabla daktari hajayasikia kwa sikio, ni ultrasaundi. Si MRI, ambayo kumpeleka mgonjwa wa homa kali ni shughuli ya nusu siku. Chikungunya nayo imewahi kuandikwa kuwa hushambulia msuli wa moyo kwa baadhi ya watu. Kwa hivyo ujuzi wa kutazama moyo na mapafu kwa ultrasaundi wodini ni ujuzi ambao Pwani itauhitaji kila baada ya mvua za masika, hata Korona isirudi asilani.

Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo wake Juni 2020. Lilisema asiyekuwa na dalili asipigwe picha ya kifua ili kutafuta Korona. Picha itumike kwa mwenye dalili pale kipimo cha maabara kinapokosekana au kuchelewa, na kwa aliyelazwa pale itakaposaidia kuamua matibabu. Chama cha madaktari wa kifua cha Uingereza nacho, Mei 2020, kilishauri kwamba aliyetoka hospitali na nimonia ya Korona apigwe eksirei ya kifua baada ya wiki 12, na asiyepata nafuu ndiye aendelezwe kwa vipimo vikubwa. Eksirei moja, wiki ya kumi na mbili. Hilo hospitali yoyote ya wilaya yaliweza, na kwetu ni wangapi walioandikiwa tarehe hiyo kwenye kadi? Mgonjwa hutoka, hupewa vidonge, huambiwa "ukiona mbaya rudi". Mbaya yenyewe huja taratibu kiasi kwamba mtu huona ni uzee.

Basi turudi kwenye mpango huu mpya wa kulipa kwa kila kipimo. Nina hofu mbili, nazo zinavutana. Ya kwanza ni kwamba mwenye bima hai atapigwa picha asizozihitaji, kwa kuwa kila picha ina hundi nyuma yake. Ya pili ni kwamba mvuvi wa Vanga na mama wa kuuza viazi karai Majengo, ambaye michango yake ya SHA imekatika miezi mitatu, hatapigwa hata ile moja ya lazima. Yawezekana zote mbili zikatokea katika hospitali moja siku moja, na takwimu za mwisho wa mwaka zikapendeza: picha elfu kadhaa zimepigwa, huduma imepanuka. Kama tulivyoona kwa Frankfurt na wale wanamichezo, idadi haikuambii kitu mpaka ujue ni akina nani waliohesabiwa.

Kuna watakaosema suluhisho ni kompyuta kusoma picha. Kwa kifua kikuu imeanza, na tangu 2021 Shirika la Afya Duniani limekubali programu za kusoma eksirei kwa watu wa miaka 15 na zaidi. Ni jambo zuri, silipingi. Ila programu ile hutazama kifua kikuu, na mgonjwa wetu aweza kuwa na maji ya dengi, au moyo mkubwa wa presha, au vyote pamoja. Hapo watakiwa mtu.

Ukiwa na mgonjwa wako wodini, ndugu msomaji, una haki ya kuuliza kwa adabu kabla hujatoa senti: daktari, picha hii twatafuta nini, na ikitoka hivi au vile utabadilisha nini? Akikujibu kwa sentensi mbili zilizonyooka, lipa na ushukuru. Akikuambia ni kawaida tu kila mgonjwa hupigwa, muulize kama eko au ultrasaundi haiwezi kutangulia. Uliza pia nani ataandika ripoti na siku gani. Wala usiogope kuonekana mjuaji. Daktari mzuri hupenda kuulizwa, na nimewaona wengi wa aina hiyo, hata hapo Makadara usiku wa manane wodi zikiwa zimejaa pomoni.

Kuhusu kaunti, vikao vya maoni ya umma juu ya bajeti hufanyika kila mwaka, nasi hatuendi, tukienda twauliza barabara na taa. Mwaka huu nakusudia kwenda na karatasi yenye mambo matatu: mshahara wa angalau daktari mmoja wa kusoma picha, aajiriwe na kaunti yenyewe hata kama atasoma kwa mtandao kutoka mbali, mafunzo ya ultrasaundi ya moyo na mapafu kwa maafisa wa kliniki wa hospitali ndogo, kuanzia Kilifi hadi Msambweni, na safu moja kwenye kadi ya kutoka wodini, ya tarehe ya kurudi baada ya wiki 12. Hilo la tatu gharama yake ni wino.